Majibu kwa Wanaosema Kliniki ya Methadoni Inawatosha Wanawake

Kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, yaani unga) ya Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifunguliwa Februari 2011, ya kwanza ya umma kusini mwa Sahara ukiacha nchi za visiwa. Mwananyamala na Temeke zikafuata, Zanzibar ikapata yake Kidongo Chekundu, na Kenya ikaanzia Mathari jijini Nairobi Desemba 2014 kabla ya kushuka pwani hadi Malindi na Kwale. Madirisha ya dawa ya kliniki hizo yamewatoa watu wengi kwenye sindano, na wako wanaotembea leo ambao bila dawa ile tungekuwa tumeshawazika. Hilo silibishi.

Ninachobisha ni majibu yanayotolewa kila anapojitokeza mtu akauliza mbona foleni karibu yote ni ya wanaume. Majibu hayo utayasikia kwenye semina, kwenye vikao vya afya vya wilaya na vibarazani baada ya alasiri, na yote yanafika mahali pamoja: kasoro iko kwa wanawake. Mimi naona kasoro iko kwenye mpangilio wa huduma, na foleni ile ni matokeo yake. Nitayajibu moja baada ya jingine. Mengine yanastahili aya kadhaa, mengine sentensi chache tu.

"Wanawake wanaotumia unga ni wachache mno."

Hesabu hiyo ilifanywa wapi? Ilifanywa maskani: chini ya daraja, nyuma ya soko, kwenye magofu, ufukweni, mahali ambapo mwelimishaji rika anafika na begi lake saa nne asubuhi. Mwelimishaji huyo mara nyingi ni mwanaume aliyewahi kutumia, na anarudi kwenye maskani anazozijua, kwa watu wanaomjua. Mwanamke hakai pale akiwa na pengine pa kukaa. Anavuta au kujidunga chumbani kwa shoga yake, gesti, uani kwa muuzaji, au ndani kwake na komeo limepigwa. Kete ya unga analetewa na bwana, au anamtuma kijana wa bodaboda. Kumtafuta kwenye maskani ni kuhesabu samaki waliomo kwenye ndoo ukadhani umeihesabu bahari.

Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu imekuwa ikieleza kwa miaka kwamba, kwa dunia nzima, karibu mtumiaji mmoja kati ya watatu ni mwanamke, lakini katika kila watu watano walioko kwenye tiba mwanamke ni mmoja. Uwiano wa pwani yetu unaweza kuwa tofauti na huo, sawa. Hata hivyo aliyeona wanawake wachache dirishani hajui bado ni wangapi walioshindwa kufika dirishani, na hilo la pili ndilo linalopaswa kumkosesha usingizi mganga mkuu.

Tuchukulie kwamba ni wachache kweli. Utafiti uliofanywa Nairobi mwaka 2011 kwa watu wanaojidunga ulikuta maambukizi ya VVU kwa wanawake yakizidi asilimia 40, ilhali kwa wanaume hayakufika 20. Kundi likiwa dogo na mzigo wake mara mbili, daktari wa magonjwa ya mlipuko hasemi liachwe. Anasema lianziwe. Wanawake hao wana wateja, wana waume, wana watoto wachanga. Mpango wowote wa kupambana na Ukimwi unaowaruka unaacha tundu mahali palepale maji yanapoingilia.

"Huduma ni moja kwa wote. Hakuna aliyemfungia mtu mlango."

Hili ndilo jibu la kiungwana kuliko yote, na ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu msemaji huamini kweli kwamba usawa ni kumpa kila mtu kitu kilekile kwa namna ileile.

Tuangalie namna yenyewe. Methadoni ya kliniki zetu ni dawa ya maji ambayo kwa kawaida hunywewa mbele ya muuguzi, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Dirisha linafunguliwa asubuhi na kufungwa kabla jua halijazidi. Mwanamke anayeishi kwa kazi ya usiku, baa au barabarani, amelala alfajiri. Ukimwambia awepo saa mbili umemtaka achague kati ya dawa na usingizi, na mwenye arosto, yale maumivu ya kukosa unga, huchagua kilicho karibu, nacho si kliniki. Yule asiyefanya kazi ya usiku ana mtoto. Mtoto huyo atamwacha kwa nani kila siku ya Mungu? Kwa jirani, mara mbili, mara tatu, mpaka jirani aulize unakwenda wapi kila asubuhi. Akimbeba mgongoni, anasimama naye saa nzima katikati ya wanaume ambao baadhi wamewahi kumlipa, mmoja amewahi kumpiga, na mwingine anamdai.

Halafu lipo geti. Kila anayefanya kazi katika kliniki hizi anajua kwamba wauzaji husogea karibu na geti, maana hapo wateja wao wa zamani wanapita kwa saa maalumu. Kwa mwanaume geti ni kishawishi tu. Kwa mwanamke linaweza kuwa hatari ya kupigwa, na akipigwa hatakwenda polisi, kwa kuwa polisi ataanza kwa kumpekua pochi.

Nauli nayo. Safari mbili kwa siku, siku thelathini kwa mwezi, kwa mtu asiye na kipato cha halali. Kijana wa kiume atapiga debe stendi, atabeba mizigo sokoni, ataosha magari karibu na hospitali akapata ya kurudia. Mlango wa haraka aliobakiwa nao mwanamke tunaujua, na ndio huohuo tunaotaka autoke.

Macho ya watu tusiyasahau. Mwanaume akionekana kwenye foleni ya methadoni, mtaa husema masikini anajitibu, mama yake amemwombea sana. Mwanamke akionekana palepale, mtaa unapata habari ya mwezi mzima: kumbe ni teja, basi ni malaya, basi watoto wale si wa mume. Dada wa mume atakuja kuwachukua watoto kabla ya magharibi. Na kliniki ikidai kila mteja aje na ndugu wa kumdhamini, mwanaume ataleta mama au mke wake. Mke akimleta mumewe, keshatangaza talaka yake mwenyewe.

Niongeze jambo la pembeni. Tiba hii ya methadoni ilibuniwa New York katika miaka ya 1960 na madaktari wawili, Vincent Dole na Marie Nyswander. Nyswander alikuwa mwanamke, daktari wa magonjwa ya akili aliyewahi kuwatibu waraibu wakati wenzake wakiwakwepa. Wagonjwa wao wa mwanzo, hata hivyo, walikuwa wanaume, na mfumo uliozaliwa pale ukamchukulia mteja kuwa mtu asiye na mimba, asiyenyonyesha, anayeweza kutoka nyumbani bila kumuaga mtu. Sisi tuliupokea jinsi ulivyo.

Yapo ya kubadilisha yasiyohitaji jengo. Saa moja ya wanawake, adhuhuri au alasiri, wanaume wakiwa wameshaondoka. Mchana mmoja kwa wiki wenye muuguzi wa kike, kipimo cha shingo ya kizazi, taulo za kike na mtu wa kushika mtoto. Dozi ya kwenda nayo nyumbani kwa mteja aliyetulia. Mwaka 2020, Uviko ilipoleta hofu ya misongamano, nchi nyingi ziliruhusu dozi za nyumbani kwa haraka ambayo wanaharakati walikuwa wameiomba kwa miaka. Kilichowezekana kwa hofu ya virusi hakiwezi kuwa muhali kwa mama mwenye watoto watatu.

"Mjamzito hafai methadoni. Aache kwanza, asije akamlevya mtoto tumboni."

Kosa hili linaua, tena linasemwa na watu wenye vyeti ukutani, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Mwanamke mwenye uraibu wa heroini akikatishwa ghafla hapati arosto peke yake. Tumbo linakaza, na mtoto aliyemo anataabika pamoja naye. Hatari ya mimba kutoka au uchungu kuanza kabla ya wakati inapanda. Na wengi wa wanaolazimishwa kuacha hurudi kwenye unga baada ya siku au wiki chache, hivyo mtoto anapandishwa na kushushwa: leo dawa, kesho arosto, keshokutwa kete iliyochanganywa na kitu asichokijua mtu. Methadoni kwa kipimo sahihi inakaa mwilini zaidi ya siku nzima na kuifuta panda-shuka hiyo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 kuhusu matumizi ya dawa wakati wa ujauzito unashauri mjamzito mwenye uraibu wa heroini apewe tiba ya kudumu ya methadoni au buprenofini pale inapopatikana, badala ya kujaribu kuachishwa.

Je, mtoto atazaliwa na arosto? Inawezekana, ndiyo. Atatetemeka, atalia kwa sauti nyembamba, atashindwa kunyonya vizuri, mara nyingi ndani ya siku mbili tatu za kwanza. Hali hii ina jina, ina dalili zinazojulikana na ina matibabu, na sehemu kubwa ya matibabu hayo haiuzwi duka la dawa: chumba tulivu, ngozi kwa ngozi kifuani pa mama, na kunyonya. Maziwa ya mama anayetumia methadoni yana kiasi kidogo sana cha dawa, na unyonyeshaji unahimizwa, akifuata dawa zake za VVU kama anaishi navyo. Kumnyang'anya mtoto akapelekwa kwa bibi akanywe maziwa ya kopo, kama inavyofanywa kwa nia njema katika familia nyingi, ni kumwondolea mtoto tiba yake na kumwondolea mama sababu yake ya kubaki kliniki.

Hapa ndipo kanuni ya dirisha moja la asubuhi inapovunjika vibaya kabisa. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito mwili wa mama unaichakata methadoni haraka kuliko kawaida. Dozi iliyomshika saa ishirini na nne mwezi wa tatu inamwacha saa kumi jioni mwezi wa nane. Anahitaji kuongezewa, na pengine dozi igawanywe mara mbili kwa siku. Dirisha likiwa limefungwa tangu mchana, nusu ya pili ataipata wapi? Ataipata kwa muuzaji, kisha kipimo cha mkojo kitamsaliti, na mtu ataandika kwenye faili kwamba mteja hana nidhamu.

Siku ya kujifungua nayo ina mitego yake. Wodi ya wazazi na kliniki ya methadoni zinaweza kuwa katika uwanja mmoja zisijuane. Mama aliyefanyiwa upasuaji hawezi kushuka kitandani kwenda kupanga foleni, kwa hiyo dozi imfuate alipo. Na mkunga ajue kwamba methadoni ya kila siku haimtulizii uchungu wa kuzaa. Mwili umeshaizoea, hivyo anahitaji dawa ya maumivu kama mwanamke mwingine yeyote, wakati mwingine zaidi. Mkunga asiyeambiwa hili atamwacha akilia huku akiamini kwamba amepewa tayari.

Kuna pia sura nyingine ya jambo hili ambayo haizungumzwi kabisa. Heroini huvuruga homoni, na wanawake wengi wanaotumia hukaa miezi, hata miaka, bila kuona siku zao. Wanajiaminisha kwamba hawashiki mimba. Wakianza methadoni, mwili unarudi kwenye mzunguko wake kimyakimya, na uwezo wa kushika mimba unarudi kabla mwenyewe hajajua. Kichefuchefu na uchovu vinapokuja anadhani ni arosto au dozi haitoshi. Anagundua tumbo likiwa limeshaonekana. Kliniki inayotoa methadoni bila kumwambia mwanamke jambo hili siku ya kwanza, na bila kuwa na kipimo cha mimba, sindano za uzazi wa mpango na vipandikizi palepale, inamtengenezea mimba asiyoitaka na kisha inamshangaa. Na anayeitaka mimba aelezwe vilevile kwamba sasa inawezekana, ajiandae nayo.

"Wanawake hawadumu kwenye tiba. Wanaanza, wanatoroka."

Kwa watu 629 walioandikishwa Muhimbili kati ya Februari 2011 na Januari 2013, watafiti walifuatilia nani alibaki na nani aliondoka. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 57 walikuwa wangali kwenye tiba. Wanawake walikuwa na uwezekano wa kuacha wa takribani nusu ya ule wa wanaume. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliopewa dozi ndogo na waliowahi kudhalilishwa kingono. Mwanamke akishaingia, kwa hiyo, anashikilia. Kuingia ndiko kugumu, na anayetoroka mara nyingi amebeba jambo ambalo dozi peke yake hailigusi. Kliniki inayotaka kupunguza utoro iwe na mtu aliyefunzwa kulisikiliza jambo hilo, katika chumba chenye mlango unaofungwa.

"Mtibuni mume, mke atapona mwenyewe."

Chembe ya ukweli imo humu. Wanawake wengi walianzishwa na mpenzi, wanadungwa na mpenzi, na wanatumia sindano baada ya mpenzi. Kuwa wa pili kwenye sindano ni nafasi ya kupokea chochote kilichomo kwenye damu ya wa kwanza. Dar es Salaam ilionyesha jambo hili kwa ukali wake wote: mwaka 2005 Sheryl McCurdy na wenzake, akiwemo Profesa Gad Kilonzo wa Muhimbili, waliandika katika jarida la BMJ kuhusu wanawake wa jijini waliokuwa wakijidunga damu iliyovutwa kutoka kwa mwenzao aliyetangulia kujidunga, wakiamini imebaki na unga wa kutosha kuzuia arosto. Walikuwa wakisaidiana, mwenye pesa ya kete na asiye nayo. Undugu huo ulikuwa njia fupi kuliko zote ya kupeana VVU na homa ya ini.

Lakini tazama hoja inataka nini. Inamtaka mwanamke asubiri. Na ikiwa mume hataki tiba? Na ikiwa mume ndiye anayemtuma barabarani kutafuta pesa ya kete zao wawili? Siku mke atakapoanza methadoni, kipato cha mume kitakatika, na vipigo vitaanzia hapo. Wenzi wanaotaka kuingia pamoja waingie pamoja, kila mmoja na faili lake na mshauri wake. Sindano safi apewe mke mkononi mwake mwenyewe, na afundishwe kujidunga bila kumtegemea mtu, maana anayeshika sindano ndiye anayeamua nani anatangulia. Najua sentensi hiyo itawaudhi baadhi ya wasomaji. Ni afadhali kuwaudhi.

Upande wa pili wa hoja hii ni huruma iliyozidi, inayomwona kila mwanamke mtumiaji kuwa mhanga aliyeburutwa. Susan Beckerleg na Gillian Lewando Hundt, walioandika mwaka 2005 kuhusu wanawake watumiaji wa heroini wa pwani ya Kenya, walitahadharisha kwamba mtazamo huo una mipaka. Wanawake hao walikuwa na maamuzi yao, biashara zao na marafiki zao, na wengine walipenda starehe kama wanaume wanavyoipenda. Huduma iliyojengwa juu ya kilio peke yake inamfukuza mwanamke asiyetaka kulia mbele ya mshauri ili ahesabiwe anastahili.

"Sisi ni watu wa dini. Kumgawia mwanamke sindano ni kuhalalisha haramu."

Kenya ilipoanza kugawa sindano safi mwaka 2012, baadhi ya mashekhe na wachungaji wa Mombasa walipinga hadharani. Sitajifanya mufti. Naeleza tu yaliyotendeka kwingine kwa watu wa dini ileile.

Unga unaouzwa pwani yetu hutoka Afghanistan, hupakiwa majahazini kwenye pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, na kuvuka bahari kutujia. Iran kwa hiyo ilionja shari hii kabla yetu, na kwa wingi zaidi. Jamhuri hiyo inayoongozwa na mafakihi iligawa methadoni na sindano safi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hadi ndani ya magereza. Na kusini mwa Tehran, Leila Arshad na wenzake walifungua Khaneh Khorshid, kituo cha wanawake watupu, mahali pa chakula cha mchana, daktari, methadoni na kinga. Fiqhi ina mlango wa dharura, na kuihifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio ya sharia yenyewe. Anayetaka kupinga apinge, lakini asiseme dini imeshalifunga jambo hili, kwa maana wanazuoni wa upande wa pili wa bahari hiihii walilifungua.

Isitoshe, mahali penye stara kama Mombasa au Unguja, dini ndiyo inayotoa hoja nzito ya kuwatenga wanawake na wanaume kwenye foleni. Ajabu ni kwamba wanaotaka stara msikitini, harusini na shuleni hawajaidai kliniki.

"Apelekwe soba, aache moja kwa moja."

Soba, yaani nyumba za upataji nafuu za Zanzibar, zilizoanza 2009 na kuenea hadi bara, zimewasaidia wengi. Nyingi zao zilianzishwa na wanaume waliopata nafuu, kwa ajili ya wanaume, na kitanda cha mwanamke ni adimu. Hata akikipata, atakaa miezi akiwa mbali na watoto, na akitoka mwili wake utakuwa umesahau dawa. Kipimo alichokizoea zamani sasa kinaweza kumuua mara ya kwanza tu akirudia. Anayetaka soba aende, apewe pia naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha kipimo, ya kubaki nayo nyumbani, na dada yake afundishwe kuitumia. Asiyeweza kuiacha nyumba yake asiambiwe kwamba hiyo ndiyo tiba pekee.

"Mkiwapa chumba chao mtawatia alama."

Katika hoja zote, hii ndiyo ninayoiheshimu. Bango linaloandikwa "wanawake watumiaji wa dawa" ni hukumu, na chumba ambacho mji mzima unajua cha nani kitakaa kitupu. Wako pia wanawake wasiotaka kutengwa, wenye marafiki wa kiume waliosimama nao tangu maskani. Jibu langu ni kwamba huduma iingizwe mahali ambapo mwanamke ana sababu nyingine ya kuonekana: kliniki ya mama na mtoto, uzazi wa mpango, hata kikundi cha kushona au cha kuweka na kukopa. Anayeingia hapo hakuna wa kumuuliza. Na mlango wa kawaida ubaki kwa anayeutaka. Mpangaji asiyeweza kuendesha milango miwili kwa wakati mmoja atafute kazi nyingine.

"Pesa hakuna."

Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya Ukimwi Kenya na Tanzania ilitikisika, na vituo kadhaa vya mapumziko vya watumiaji nchini Kenya vilifunga milango. Kwa hiyo wanaosema pesa hakuna hawatungi. Ila hoja hii ilisemwa hivyohivyo wakati pesa zilipokuwepo, na methadoni yenyewe ilikuwa ikinunuliwa, wahudumu wakilipwa, magari yakitembea, na saa ya wanawake haikuwekwa.

Mengi ya niliyoyataja ni ratiba na tabia. Kubadilisha saa hakununuliwi. Sindano za uzazi wa mpango na vipimo vya mimba tayari vimo kwenye bohari za serikali, vinahitaji kuvushwa uwanja mmoja hadi jengo la pili. Barua kutoka kliniki kwenda wodi ya wazazi ni karatasi. Cha kulipia hasa ni watu: waelimishaji rika wa kike, waliowahi kutumia, wanaojua mlango gani hugongwa usiku na upi haugongwi. Hao walipwe mshahara, si nauli na soda ya semina.

Na kazi yao ya kwanza ipo tayari. Kila kliniki ina daftari lenye majina ya wanawake waliokuja mara moja, wakanywa dozi siku chache, wakapotea. Wengine waliacha namba za simu. Wapigiwe na mwanamke mwenzao, jioni, na waulizwe ni saa ngapi wangeweza kufika, na ni nani waliyemkuta getini.